Daftari la Gitaa: Mwongozo kwa Mpigaji Mtarajiwa wa Ziwani

Watu wengi wanaotaka kuwa wapigaji gitaa huanza kwa kutafuta gitaa. Wamekosea njia mapema. Gitaa lina gharama, lina nyuzi zinazokatika, na baya zaidi, lina sauti. Daftari halina hata moja kati ya dhambi hizo. Ukiwa mkazi wa Ziwani na unataka kuitwa mwanamuziki bila kuvunja ujirani, anza na daftari la kuandikia maendeleo yako. Gitaa litakuja lenyewe, aghalabu kupitia mjomba aliyeokoka na ambaye hataki tena kuonekana nalo.

Ziwani naitaja kwa sababu ya ukuta. Mtaa huu, uliobanwa kati ya Kariokor na Starehe, ni wa miaka ya 1940. Manispaa ya Nairobi iliujengea wafanyakazi Waafrika, wakati serikali ya kikoloni ilipoamini kwamba Mwafrika amekuja mjini kufanya kazi mchana na kulala usiku, na mengine akayafanyie kwao mashambani. Kwa hiyo hakuna mchoraji ramani aliyetenga nafasi ya kufanyia mazoezi ya gitaa. Vyumba ni vidogo, ukuta ni wa watu wawili, na jirani akikoroga chai unaweza kuhesabu vijiko vya sukari. Mwenye nyumba amebadilika kutoka manispaa hadi baraza la jiji hadi serikali ya kaunti, ingawa sisi tunawaita wote kanjo. Ukuta ni ule ule.

Sasa daftari lenyewe. Wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaosema daftari la Kasuku la kurasa 96 kutoka dukani linatosha. Wengine, na mimi nimo kati yao, wanashauri utembee hadi soko la Kariokor, kwa wale mafundi wanaoshona viatu vya ngozi, umwombe mmoja akushonee jalada. Atakuambia urudi Jumanne. Jumanne atakuambia ngozi haijafika. Usikasirike, wala usimsukume. Kila wiki anayochelewa ni wiki ambayo una sababu halali ya kutoanza mazoezi, na sababu halali ni mali adimu ambayo utaihitaji sana huko mbele.

Ukurasa wa kwanza uandike jina lako, na chini yake jina la jukwaani. Usilichelewese. Jina la jukwaani ndilo jambo la pekee ambalo mwanafunzi anaweza kumshinda mwalimu wake siku ile ile ya kwanza. Kisha acha kurasa mbili tupu kwa ajili ya dibaji, ambayo itaandikwa na mtu mashuhuri ukishakuwa mashuhuri.

Gitaa litakapofika, litakuwa bovu. Shingo itakuwa imepinda, nyuzi zitakuwa juu ya mbao kiasi cha kupitisha kidole chini yake, na ile mikono ya kukazia itakuwa minne badala ya sita, miwili ikizungushwa kwa koleo. Usiandike hayo. Andika kwamba umerithi chombo chenye historia. Na ukiulizwa, una hoja nzito ya kujitetea. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilikuwa ikiuza magitaa ya bei ya chini yenye jina la Gallotone, na ndani ya aina moja, Champion, walibandika karatasi ya kuhakikisha kwamba gitaa halitapasuka. Fikiria chombo ambacho sifa yake kubwa ni kwamba hakipasuki. Basi moja kati ya hayo lilivuka bahari likafika Liverpool mikononi mwa kijana aitwaye John Lennon, likawa gitaa lake la kwanza. Andika ukweli huo kwa wino mwekundu. Kuanzia hapo, kila mlio mbaya utakaoutoa utakuwa na ukoo mzuri.

Jambo la pili, na hapa naomba niache mzaha kwa dakika mbili: weka tarehe. Weka tarehe kwenye kila ukurasa, kila wimbo, kila mstari uliojitungia ukiwa unasubiri maji yarudi. Wimbo mmojawapo wa Kiswahili unaojulikana zaidi duniani ni Malaika. Wakenya wengi watakuambia ni wa Fadhili William, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye santuri. Ukivuka mpaka, utaambiwa na kwa sauti ya juu kwamba ni wa Adam Salim, Mtanzania, ambaye alidai kuutunga katika miaka ya 1940 akiwa anaishi hapa hapa Nairobi. Wamejitokeza na wengine. Miriam Makeba ameuimba, Boney M. wameuimba, kila hoteli ya Mombasa inauimba kabla ya chakula cha jioni, na mjadala wa nani mwenyewe umewazidi umri wadai wake. Daftari moja la Kasuku, lenye tarehe na alama ya kikombe cha chai, lingemaliza kesi hiyo asubuhi moja. Kwa hiyo hata kama ulichotunga ni sauti tatu zinazofanana na tangazo la sabuni, andika tarehe. Sheria haiangalii uzuri.

Tukirudi kwenye kazi. Wiki za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa kwa mwenye daftari, kwa sababu mambo yanayotokea hayapendezi kuandikwa. Inabidi ujifunze lugha ya maendeleo, ile inayozungumzwa kwenye ripoti za mikutano ya maendeleo ya wadi. Barabara haijatengenezwa, bali iko katika hatua za mwisho za kutengenezwa. Vidole vyako vikiuma hadi ushindwe kukanda unga wa chapati, andika: "Nimeanza kujenga sugu." Uzi wa kwanza ukikatika ukikaza kupita kiasi, andika: "Nimechunguza mipaka ya chombo." Usipogusa gitaa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, andika: "Wiki ya kusikiliza." Ukilala nalo kifuani ukaamka limekuchora nyuzi shavuni, huo ni ukaribu na chombo, na walimu wa dunia nzima wanauhimiza.

Kutyuni kuna somo lake. Siku hizi simu ina programu inayosikiliza uzi na kukuonyesha kama umepanda au umeshuka. Uzi wa A, wa pili kutoka juu, unatakiwa kutetemeka mara 110 kwa sekunde. Wako ukitetemeka mara 97, programu itawaka nyekundu na kukudhalilisha mbele ya watoto. Iondoe kwenye simu, kisha andika daftarini: "Nyuzi ziko sawa, kwa masikio yangu." Hakuna programu inayoweza kupinga sentensi hiyo.

Usirekodi. Huu ni mwiko. Watakuja vijana wenye nia njema wakushauri ujirekodi kwa simu kila Jumapili ili ulinganishe. Waulize, ulinganishe nini na nini? Karatasi ni mwaminifu kwa aliyeiandika. Rekodi humsaliti aliyeirekodi, tena kwa sauti yake mwenyewe. Mwenye daftari pekee anaweza kupiga hatua miezi sita mfululizo bila kurudi nyuma hata siku moja. Mwenye rekodi atagundua kwamba Machi alikuwa afadhali kuliko Juni.

Kuhusu visingizio sitachukua muda, kwa sababu Nairobi hukupatia kimoja kila siku bila kuombwa. Stima ikipotea, andika kwamba stima ilipotea, hata kama gitaa lako halijawahi kuchomekwa popote. Mvua ikinyesha, andika kwamba unyevu huharibu mbao. Bando likiisha katikati ya somo la YouTube, mchoro wa kodi ya gitaa (chord) ukibaki umeganda na kidole cha mwalimu Mmarekani kikiwa hewani, andika saa na dakika. Ni ushahidi.

Sasa tumefika kwenye F.

Kila kitabu cha gitaa, cha bei yoyote, kitakufundisha C, kisha G, utadhani maisha ni mepesi, kisha kitafungua ukurasa wa F bila onyo. Kodi hiyo inakutaka ulaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, ukazikandamize kwa nguvu sawa, huku vidole vingine vitatu vikishughulika na mambo yao upande wa pili. Kidole cha binadamu kina mifupa mitatu na mashimo mawili, na mashimo hayo hukaa pale pale penye nyuzi unazozihitaji. Unapiga, nyuzi mbili zinalia na nne zinakohoa. Mkono unakufa ganzi kuanzia gumba hadi kwapa. Na huwezi kuikwepa: ukipiga Malaika katika ufunguo wa C, F inakusubiri kama askari wa kanjo mwisho wa kichochoro.

Hapa ndipo madaftari mengi ya gitaa hugeuka kuwa madaftari ya hesabu ya chama. Usikubali. F ndiyo itakayokupa kurasa nyingi kuliko kodi zote, ukiitumia vizuri. Andika juu yake kinadharia. Chora mchoro wake kwa rula. Andika kwamba umeamua kuiacha kwa muda ili usiharibu mkono, kisha andika kwamba umeirudia kwa mtazamo mpya. Andika kwamba wataalamu kadhaa wanaitilia shaka. Halafu, ukiishiwa, kimbilia historia, kwa sababu historia ya gitaa la Afrika Mashariki iko upande wako. Au angalau inaonekana hivyo kwa mbali.

Mchukue George Mukabi. Alitoka Kisa, upande wa Kakamega, akapiga mtindo wa omutibo kiasi kwamba hadi leo mzee wa Kiluhya akisikia gitaa kavu likiguswa atalitaja jina lake kabla ya jina lako. Gumba lake lilikuwa likitembeza besi, kidole cha shahada kikiimba juu, na pembeni mwenzake akigonga chupa ya Fanta. Hiyo ndiyo bendi nzima: vidole viwili na chupa. Aliuawa mwaka 1963, mwaka ule ule nchi ilipopata uhuru, akiwa bado kijana. Au mchukue Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye naye alitumia gumba na kidole cha shahada, na bado ukimsikiliza unaapa kwamba kuna mtu wa pili amejificha nyuma ya kiti. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi akipiga Masanga. Santuri ikatoka kwa jina la Gallotone, jina lile lile la gitaa la Lennon. Dunia ya magitaa ya bei ya chini ni ndogo.

Vidole viwili, basi. Andika daftarini: "Nimechagua mtindo wa vidole viwili, kwa heshima ya mababu." Umeruka F. (Usijaribu kuupiga mtindo wenyewe. Gumba likitakiwa kwenda njia yake na kidole kwenda njia nyingine, utagundua kwamba F ilikuwa ndiyo rahisi.)

Kuna jambo la kutafakari hapa, na mtu wa daftari hana budi kulikabili. Tunachokijua kuhusu upigaji wa mabwana hawa kimetoka kwenye santuri na kwenye madaftari ya watu wengine. Tracey aliandika yake. David Rycroft alikaa akasikiliza santuri za Mwenda, akaandika sauti moja baada ya nyingine kwenye mistari mitano ya muziki wa Kizungu, kazi iliyochapishwa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Akaja Mwingereza mwingine, John Low, aliyeupenda muziki huu hadi akafunga safari kwenda Shaba, katika Zaire ya wakati ule, kuwatafuta wapigaji wenyewe na kujifunza miguuni pao. Akaweka shajara. Ilitoka Vienna mwaka 1982 kwa jina Shaba Diary, na mwaka huo huo akachapisha historia ya gitaa la Kenya tangu 1945 hadi 1980.

Hilo ndilo daftari la kujifunza gitaa ambalo wewe unashindana nalo. Nalitaja kwa uchungu. Lina safari ndefu, lina wazee waliokubali kuketi na kumwonyesha mgeni mahali pa kuweka vidole, na lina kasoro moja kubwa kwa mujibu wa mwongozo huu: mwandishi wake alikuwa akipiga gitaa kweli. Ukilisoma unaona mara moja kwamba muda mwingi mikono yake ilikuwa na kazi nyingine. Wewe hutakuwa na tatizo hilo. Safari yako ya utafiti itakuwa kutoka Ziwani hadi Kariokor, kumwuliza fundi kama jalada liko tayari, ukipitia pale penye nyama choma kwa ajili ya kuhoji wazee. Wazee wa Eastlands wanajua mengi juu ya gitaa na watakusimulia kwa ukarimu, almradi kilo ya mbuzi isiishe kabla ya simulizi. Mmoja atakuambia alimwona mwanamuziki Daudi Kabaka kwa macho yake. Mwingine atasema alimfundisha Kabaka kodi mbili tatu. Andika yote mawili, usihukumu.

Ila kuna daftari la pili ambalo lazima nikuonye juu yake, na hilo haliko Vienna. Liko upande wa pili wa ukuta.

Jirani yako anakuandika. Hana kalamu, hana jalada la ngozi, lakini anajua maendeleo yako kuliko unavyoyajua wewe, kwa sababu yeye hana lugha ya maendeleo. Wewe umeandika "Nimekamilisha nusu ya kwanza ya Malaika." Yeye anajua kwamba umefika mahali fulani, pale pale kila siku, ukakwama, ukarudia, ukakwama, ukanyamaza kidogo kama mtu anayetazama simu, ukarudia tena. Mjukuu wake anaujua mkwamo huo kiasi kwamba akiimba wimbo anausitisha pale pale, akisubiri, akidhani ndivyo ulivyotungwa.

Mtakutana mkianika nguo. Usikimbie.

"Kijana, habari ya gitaa?"

"Nzuri, Mama. Naendelea."

"Ile ya jana ulikuwa umekaribia kabisa. Leo asubuhi umeiacha wapi?"

"Leo nilikuwa natyuni tu, Mama."

"Ah. Tangu Januari?"

Huyo ndiye mhariri wako mkuu na hakuna rufaa. Wapo wanaoshauri ujaribu kumfanya rafiki, umpelekee mahamri Jumamosi, umwombe radhi mapema. Ni ushauri mzuri na ukiweza ufuate. Wengine hupenda kujua haki zao. Basi zijue: kwa kanuni za kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zile zinazosimamiwa na NEMA, usiku unaanza saa mbili, na baada ya hapo kiwango kinachoruhusiwa kwenye makazi ni desibeli 35, ambazo ni pungufu ya mazungumzo ya kawaida ya watu wawili. Kumbuka tu kwamba kanuni hizo hizo zinawahusu pia matatu zenye muziki kwenye Ring Road, mahubiri ya usiku kucha, na baa yenye spika nje, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayelala mapema kwa ajili ya kanuni. Wewe peke yako, na gitaa lako la mikono minne, ndiwe utakayeripotiwa. Mzee wa Nyumba Kumi atakuja na tochi. Mkaribishe chai, mwonyeshe daftari, mfungulie ukurasa ulioandika "Nimechunguza mipaka ya chombo." Atalisoma kwa makini, kisha atakuambia kwamba hata yeye alipokuwa kijana alipiga gitaa, na atalichukua kutoka mikononi mwako. Kuanzia hapo kelele si zako tena kisheria.

Kwa wenye kuumwa kichwa kwa ajili yako, una jibu la kihistoria. Mwenda yule yule wa Masanga, alipokuja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, gitaa lake lilitumika kutangaza Aspro, dawa ya maumivu. Uhusiano kati ya gitaa na kichwa kuuma, kwa hiyo, umetambuliwa kibiashara katika jiji hili kwa zaidi ya nusu karne. Nunua paketi moja, iache kwenye dirisha la jirani bila maelezo.

Kaunti nayo ina mipango yake. Ziwani imo katika orodha ya mitaa ya zamani ya Eastlands iliyopangiwa kubomolewa na kujengwa upya kwa maghorofa, na kila mkutano wa wakazi huishia kwenye swali la nani atarudi na nani hatarudi. Mimi nina swali dogo zaidi. Leo una jirani kushoto na kulia. Kwenye ghorofa utaongezewa wa juu na wa chini. Madaftari ya siri yanayokuandika yatakuwa manne, na wa chini atakuwa na ufagio.

Sasa chupa. Ukishaandika kwamba unafuata omutibo, utahitaji chupa ya Fanta, ya kioo, ile yenye mikunjo ubavuni, kwa sababu plastiki hailii. Mwenye duka hatakuachia bila kukudai pesa ya chupa, na ni haki yake. Andika gharama hiyo chini ya "Vyombo vya bendi." Kisha utahitaji mgongaji. Mwite yule mjukuu wa upande wa pili wa ukuta, anayesitisha wimbo pale unapokwama. Mpe chupa na msumari, mwonyeshe mapigo, mwahidi kipande cha keki. Siku hiyo daftarini huandiki tena "mimi." Unaandika "sisi." Unaweza hata kubuni jina la bendi, jambo litakalokula majuma kadhaa, na kuchora nembo.

Bendi ikishakuwepo utatakiwa kujitokeza hadharani. Kuwa makini unapochagua ukumbi. Klabu za mugithi uziogope: pale mtu mmoja na gitaa lake hushikilia umati hadi alfajiri, na umati unajua maneno yote na hausamehe. Harusi pia ni hatari, kwa sababu kuna video. Mahali salama ni kanisani, katika ibada ya pili, yenye kinanda, ngoma za kizungu, waimbaji kumi na wawili na spika mbili za urefu wa mtu. Keti nyuma ya kinanda. Mwombe fundi wa mitambo, kwa upole, asichomeke waya wako. Tingisha kichwa pale mpiga ngoma anapotingisha. Jioni andika bila kusema uongo hata neno moja: "Leo nimepiga gitaa mbele ya watu mia tatu na hakuna aliyelalamika."

Baada ya hapo daftari litakaribia kujaa, na mwongozo wangu nao unakaribia kwisha. Limebaki tukio moja tu, ambalo humfikia kila mwenye daftari, na afadhali ujue mapema namna ya kuliandika.

Itakuwa mchana wa Jumamosi. Utakuwa umetoka kuchota maji, ukapitia kwa fundi Kariokor, kwa sababu jalada limefika hatua za mwisho. Ukirudi utasikia Malaika. Utadhani ni redio. Utasikia inafika pale unapokwama, utasimama na ndoo yako ukiingoja ikwame, nayo itapita. Itapita hadi mwisho, F ikiwemo, kwenye gitaa la mikono minne. Ukichungulia utamkuta yule mtoto wa chupa ameketi kitandani kwako, miguu haijagusa chini, bibi yake amesimama mlangoni na ungo mkononi, naye mzee wa Nyumba Kumi ameshika chupa ya Fanta na msumari.

Usimnyang'anye gitaa. Usimwulize amejifunza lini, kwa maana jibu unalijua: amejifunza kila jioni, kupitia ukutani, akikusikiliza unapokosea. Msubiri amalize. Weka ndoo chini, piga makofi na wenzako, na bibi akisema, "Umemsikia huyu?" sema umemsikia. Halafu chukua daftari, fungua ukurasa mpya, weka tarehe, na uandike: "Leo nimeanza kufundisha."

Ada ya masomo ipange na bibi yake.